Kariakoo na Safari ya Wapagazi Milimani

Mtu aingiaye mji wa Dar es Salaam hakosi kulisikia jina la Kariakoo. Huko ndiko kwenye soko kubwa, na mitaa ya Msimbazi, Kongo na Sikukuu, na watu wa kila kabila. Walakini walio wengi hulitaja jina hili bila kujua asili yake. Si jina la mti wala la mto, wala si jina la mzee aliyeishi hapo kale. Ni maneno mawili ya Kiingereza, yaani jina la Kikosi cha Wapagazi, yaliyogeuzwa na vinywa vya watu hata yakawa Kiswahili. Majeshi ya Waingereza yalipoushika mji mwezi wa Septemba 1916, wapagazi waliwekwa kambini mahali pale. Kambi ikaondoka, jina likabaki. Nairobi nako upo mtaa uitwao Kariokor kwa sababu iyo hiyo.

Basi, safari ya watu hao ilikuwaje?

Vita vilianza Agosti 1914. Mwaka wa 1916 Jenerali Smuts aliteremka na majeshi yake kutoka upande wa Kilimanjaro, na tarehe 26 Agosti Morogoro ikatwaliwa. Wadachi, wakiongozwa na von Lettow-Vorbeck, hawakungoja kuzingirwa. Walirudi nyuma kwa njia za Uluguru mpaka Kisaki. Waliowafuata walikuta madaraja ya reli yamevunjwa. Mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe. Motakaa zilizama matopeni. Hapo hapakusalia chombo ila kichwa cha mtu na miguu yake.

Tena milima ile si njia nyepesi. Vilele vyake vyapita futi 8,000, na upande wa mashariki, unaoelekea bahari, hupata mvua hata katika miezi ambayo nchi ya chini imekauka. Asubuhi jua huwaka. Mchana ukungu hushuka hata mtu asimwone mwenziwe aliye mbele. Usiku huja baridi. Fikiri, msomaji, mtu aliyezaliwa katika nchi ya joto, amechukua mzigo wa ratili 50, apanda njia ya utelezi siku baada ya siku, na jioni hulala katika nguo zilizolowa. Kuni zikiwa mbichi, unga hauivi. Na unga usioiva huharibu tumbo, zaidi kwa watu waliozoea ndizi nyumbani kwao. Ndiyo sababu kuhara damu, homa na kichomi viliua wapagazi wengi kuliko risasi. Mwanzoni mwa 1917 mvua kubwa ziliwakuta katika bonde la Rufiji, na taabu ikazidi.

Mtu aweza kuuliza: kwa nini walitakiwa watu wengi hivyo? Na tufanye hesabu kama ya darasani. Tuseme kila mtu ala ratili 2 za chakula kwa siku, na jeshi liko mbali, mwendo wa siku 10. Mpagazi atakwenda siku 10 na kurudi siku 10. Atakula ratili 40 katika zile 50 alizochukua. Zimebaki 10 tu, chakula cha askari mmoja kwa siku 5. Kwa hiyo askari mmoja ahitaji wapagazi wanne njiani sikuzote, kwa chakula peke yake, bila risasi, dawa wala hema. Na kila jeshi lilipozidi kwenda mbele, hesabu hii ilizidi kuwa mbaya.

Hivyo Waingereza waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu, na waliokufa walipita 90,000. Wadachi nao waliwakamata watu vijijini, lakini hesabu yao haikuandikwa kwa ukamilifu. Mishahara ya wafu wengi haikuwafikia jamaa zao. Nyumbani mashamba yalikosa wakulima na ghala zilitwaliwa. Huko Ugogo, mvua ilipokosa pia, ikaja njaa kuu iitwayo Mtunya.

Mwaka wa 1927 ilisimamishwa katikati ya Dar es Salaam Sanamu ya Askari, mtu wa shaba ameshika bunduki yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake yawataja wapagazi, lakini umbo lao halionekani. Katika sanamu ya Nairobi mpagazi amesimama pamoja na wenye bunduki. Hapa kwetu ukumbusho wake ni jina la soko.

Wala jina hilo halikukosa wenyewe. Jengo la soko lililofunguliwa mwaka wa 1975 liliungua Julai 2021, lakini kazi ya kuchukua mizigo haikukoma Kariakoo. Hata leo mahamali hupita kati ya watu wakiwa na magunia kichwani, na wengine husukuma mikokoteni, nasi huwapigia kelele watupishe. Wazee walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Majemadari waliona mzigo wa mpagazi kuwa mwepesi, wakaandika ushindi wao bila kuandika majina ya waliouchukua. Yafaa sisi tulitajapo jina la Kariakoo tujue kwamba twawataja watu, na walimu wawafundishe watoto hivyo.