Kuhesabu Vifundo vya Fedha: Kutoka Misalaba ya Shaba hadi Bitcoin

1. Utangulizi

Ramani ya mwenendo wa fedha huchorwa kutokana na kile kilichoonekana. Je, mahali palipoachwa patupu katika ramani hiyo fedha haikufika? Makala hii fupi inakusudia kulijibu swali hilo kwa kulinganisha fedha mbili: msalaba wa shaba wa Katanga na bitcoin ya siku hizi.

2. Misalaba ya makaburini

Mnamo 1957 na 1958 wanaakiolojia walifukua makaburi ya Sanga, karibu na Ziwa Kisale, katika Bonde la Upemba. Pierre de Maret aliendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1970. Katika makaburi ya karne zilizofuata ya 13 ilipatikana misalaba ya shaba, mingine ikiwa imewekwa kiunoni au karibu na mikono ya marehemu. Kadiri karne zilivyopita, misalaba hiyo ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa. De Maret aliona katika badiliko hilo dalili kwamba kitu cha fahari kilikuwa kimegeuka fedha.

Lakini Upemba si nchi ya machimbo ya shaba. Madini yalitoka kusini, katika ukanda ambamo Lubumbashi imejengwa, na misalaba ya shaba imepatikana pia Ingombe Ilede, karibu na Mto Zambezi. Msalaba uliozikwa pamoja na mwenyewe umetufikia. Uliopita mikononi mwa wengi na hatimaye kuyeyushwa haukuacha alama. Anayehesabu misalaba iliyofukuliwa, basi, huhesabu kwanza desturi za maziko, ndipo biashara.

3. Vifundo vya mtandao

Bitcoin ilianza kutumika Januari 2009. Haina benki kuu: daftari lake hutunzwa na kompyuta nyingi, na kila moja hukagua malipo yote. Kompyuta hizo tunapendekeza ziitwe vifundo, kwa kuwa wavu hushikamana kwa mafundo yake, nalo neno mtandao lina asili katika kitenzi kutanda.

Tangu 2013 mradi wa Bitnodes, ulioanzishwa na Addy Yeo, umekuwa ukivihesabu. Programu hukiuliza kifundo kimoja anwani za wenzake inaowajua, huwaendea hao na kuwauliza vilevile, hadi anwani mpya zinapokwisha. Kisha kila anwani hupewa nchi. Marekani na Ujerumani ndizo ambazo aghalabu zimetangulia.

Njia hii ni ya busara, ila ina mipaka mitatu. Kwanza, huona tu vifundo vinavyopokea wageni. Vilivyofungiwa nyuma ya anwani moja inayotumiwa na wateja wengi havionekani. Pili, mtu wa nchi nyingine akikodi kompyuta Ujerumani, kifundo chake huhesabiwa kuwa cha Ujerumani. Tatu, katika miaka ya karibuni vifundo vingi, mara nyingi zaidi ya nusu, vimejificha katika mtandao wa Tor, na havina nchi ijulikanayo.

4. Kongo katika ramani hiyo

Huko Luviro, kando ya Mbuga ya Virunga, umeme wa maji ulianza kutumika kuchimba bitcoin mwaka 2020. Hata hivyo mashine za kuchimba hukokotoa tu na kupeleka matokeo kwenye kundi la wachimbaji. Hazilazimiki kutunza daftari, hivyo si vifundo. Vivyo hivyo mfanyabiashara wa Lubumbashi anayelipa kwa simu: daftari zima limepita gigabaiti 500, nayo simu yake hutegemea kifundo cha mtu mwingine, pengine ng'ambo. Wote wawili wamo katika historia ya fedha hii, na hesabu ya vifundo haiwaoni.

5. Hitimisho

Hesabu ya vifundo hutuambia daftari linatunzwa wapi na nani yuko tayari kuonekana. Haituambii nani anachimba wala nani anatumia. Walakini upungufu huo usitufariji kupita kiasi. Mwenye kifundo hukagua mwenyewe. Asiye nacho humwamini mwenzake. Shaba ya Katanga ilitoka hapa, ikahesabiwa katika makaburi ya mbali. Mwanafunzi wetu atakayeandika historia ya fedha mpya hana budi kuuliza, mbele ya kila ramani, si tu wangapi wamehesabiwa, bali pia hesabu imefanywa kutokea wapi, na daftari limebaki mikononi mwa nani.