Ng'ombe Walihama, Mdudu Akabaki

Wiki iliyopita watoto walikuwa wamejazana kwenye njia ya bomba, pale ng'ombe wa wenyeji wanapopita. Nikadhani kuna nyoka. Kumbe ni dundu, yule mdudu mweusi wa mavi, anasukuma donge lake kinyumenyume, kichwa chini, miguu ya nyuma juu. Kijana mmoja akainua kandambili ili amponde. Nikamwambia aache. Akaniuliza, "Baba, huyu wa mavi ana faida gani?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu foleni ya maji ilikuwa inasogea. Jibu refu ndilo hili.

Kwetu, kwenye milima ya Kivu Kusini, nilichunga ng'ombe nikiwa mdogo. Asubuhi unaliona lundo bichi njiani, jioni ukirudi umekuta makapi makavu tu na vishimo chini yake. Hatukuuliza nani amefagia. Ndivyo ilivyo: anayefagia kila siku hakuna anayemwona, mpaka siku asipokuja. Kuna nchi moja iliishi bila mfagiaji huyo karibu miaka 180. Nchi hiyo ni Australia.

Mwaka 1788 meli za Waingereza zilifika huko kuanzisha koloni. Njiani zilipitia Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika, zikapakia ng'ombe wachache. Yaani ng'ombe wa kwanza wa Australia walitoka huku kwetu Afrika. Lakini hakuna aliyekumbuka kumpakia dundu.

Australia ilikuwa na madundu yake, mamia ya aina. Ila wale walizoea mavi ya kangaruu, ambayo ni vidonge vidogo na vikavu. Lundo la ng'ombe, kubwa na la majimaji, wengi wao hawakuliweza. Na ng'ombe mmoja huacha malundo kama 10 au 12 kwa siku. Ng'ombe walipofikia mamilioni, mavi yalikauka juu ya ardhi yakawa magumu kama tofali, yakakaa miezi, mengine hata miaka. Nyasi za chini zikafa. Za pembeni zikarefuka, lakini ng'ombe hazigusi kwa sababu ya harufu.

Halafu nzi. Wako nzi wa porini wanaong'ang'ania macho na midomo ya watu, na wako nzi wanaonyonya damu ya mifugo. Wote hutaga kwenye mavi mabichi ya ng'ombe. Watu wa huko walipunga mkono mbele ya uso mchana kutwa, mpaka ikawa utani kwamba hiyo ndiyo saluti ya taifa lao.

Wenyeji walishazoea. Aliyeshangaa ni mgeni.

Jina lake George Bornemissza, Mhungaria aliyezaliwa mwaka 1924. Aliiacha nchi yake baada ya Vita Kuu ya Pili, ilipokuwa inaingia chini ya utawala wa Kikomunisti. Akamalizia masomo ya wanyama na wadudu kule Innsbruck, Austria, na mwisho wa mwaka 1950 akahamia Australia. Hakukaa sana akatembelea malisho ya Australia Magharibi, akaona malundo makavu yametapakaa kila mahali. Akajiuliza swali ambalo mtu aliyezaliwa pale hakuwa na sababu ya kujiuliza: mbona kwetu Hungaria malisho hayako hivi? Jibu alikuwa nalo tayari kichwani. Kwao kulikuwa na madundu.

Hapa nieleze kazi ya mdudu mwenyewe. Madundu wako wa namna tatu. Wa kwanza huviringisha donge na kwenda kulifukia mbali. Wa pili huchimba tundu chini ya lundo na kushusha mavi ndani. Wa tatu huishi humo humo kwenye lundo. Nzi hutaga mayai mengi kisha anaruka kwenda zake. Dundu hana mayai mengi, na zile aina kubwa huzaa watoto wachache mno kwa msimu. Kwa hiyo mama haachii bahati. Anafinyanga donge chini ya ardhi, anaweka yai moja tu ndani yake na kuliziba. Funza akianguliwa anakuta chumba ndicho chakula: anakula kuta kwa ndani mpaka anakua, anageuka, anaota mbawa na kutoka. Aina nyingine mama hukaa na madonge muda wote akiyalinda na kuyasafisha yasiote ukungu.

Basi anapolea watoto wake, huku juu nzi anakosa pa kutaga, mizizi inapata mbolea, na mvua inapata matundu ya kuingilia. Miaka ya 1970 watafiti walioweka kilo moja na nusu ya mavi ya tembo kule Tsavo, Kenya, walihesabu madundu 16,000, na kwa saa mbili tu mavi yale yalikuwa yameisha.

Bornemissza akapendekeza madundu waletwe. Lakini nchi ile ilikuwa na sababu ya kuogopa. Mwaka 1935 walileta vyura kutoka Hawaii wale wadudu wa miwa. Vyura wakawaacha wadudu, wakazaana, wakawa balaa mpaka leo. Safari hii wakawa waangalifu. Shirika la utafiti la serikali, CSIRO, likaanza mradi katikati ya miaka ya 1960, likafungua kituo Pretoria, Afrika Kusini. Madundu wenyewe hawakusafirishwa kutoka huko, kwa kuogopa magonjwa ya mifugo. Yalisafiri mayai, yakiwa yameoshwa kwa dawa. Yakifika karantini Canberra, wasomi wazima na digrii zao walikaa wakifinyanga madonge ya mavi kwa mikono, kila donge yai moja, kama mama dundu mwenyewe.

Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wameachilia aina 43. Aina 23 zilikaa, nyingi zikiwa za Afrika. Zilizobaki zilishindwa, hali ya hewa au udongo haukuwafaa. Nzi hawakuisha, ila sehemu nyingi walipungua, na malisho yakapumua. Bornemissza alifariki Tasmania mwaka 2014.

Sitaki mtu aseme nawafananisha wakimbizi na wadudu wa mavi. Ninayemtazama mimi ni yule Mhungaria. Kila tukikaa mbele ya fomu tunaulizwa tumepoteza nini na tunahitaji nini. Ni maswali mazuri, na ndugu zetu wa mashirika wanayauliza kwa nia njema. Ila sijawahi kuulizwa: kwenu kulikuwa na nini ambacho hapa unaona hakipo? Humu kambini wamo wachungaji, wafinyanzi, wakunga, wakulima wa mabondeni. Macho yao bado yanalinganisha, kila siku, kimyakimya.

Na kwa wanaohudumia mifugo, ombi dogo. Baadhi ya dawa za minyoo za ng'ombe hutoka na mavi zikiwa bado na nguvu, na huua watoto wa dundu humo ndani. Dawa tunazihitaji. Tuzitumie kwa ng'ombe aliye na shida, tusiwamwagie wote kwa mazoea.

Yule kijana nilimwambia hivi tu: "Huyo anapeleka chakula cha mtoto. Mpishe." Akarudisha kandambili mguuni. Watoto wakagawanyika pande mbili, na dundu akapita katikati na donge lake.