Kipande: Kilikataliwa, Kisha Kikadaiwa

Hadi leo Mkenya akiulizwa kitambulisho husema "kipande", ingawa hajawahi kukiona kile cha kwanza. Kilikuwa karatasi yenye jina, alama za vidole na kumbukumbu za kazi, ikatiwa ndani ya kijikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni kama kengele ya mbuzi. Sheria yake ilitungwa 1915, makali yake yakaonekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Harry Thuku, aliyekipinga waziwazi, alikamatwa Machi 1922. Umati ulifurika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akawasuta wanaume waliokuwa wakisitasita, kisha risasi zikalia. Serikali ilikiri maiti 21. Muthoni alikuwa miongoni mwao.

Miaka 94 baadaye, Wamakonde wa Kwale waliingia barabarani wakikidai kipande kilekile.

Wazee wao walianza kuja kutoka Msumbiji miaka ya 1930, wakakata mkonge na miwa kusini mwa Mombasa, wengine wakachonga vinyago. Watoto wakazaliwa huko, na wajukuu pia. Uhuru ulipoingia 1963, jamii hiyo ilibaki nje ya daftari la raia. Bila kitambulisho huandikishi laini ya simu kwa jina lako, huna akaunti benki, hati ya shamba huioti. Sheria ya Uraia ya 2011 iliwapa watu wa namna yao miaka 5 ya kujisajili. Ikapita Agosti 2016 mikono ikiwa mitupu.

Oktoba mwaka huohuo mamia yao, pamoja na watetezi wa haki, wakafunga safari kutoka Kwale kwenda Ikulu, takriban kilomita 500. Polisi walijaribu kuwazuia njiani. Safari yenyewe ilikuwa ukaidi, maana asiye na kipande hana cha kuonyesha kizuizini. Na hawa walikuwa wakielekea mlango unaolindwa kuliko yote nchini. Tarehe 13 Oktoba Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba kwisha.

Vilichelewa kidogo. Vilianza kugawiwa Kwale Februari 2017, na Wamakonde wakahesabiwa kabila la 43 la Kenya. Washona, nao waliokuwa bila uraia, walifuata. Wapemba, wavuvi wa pwani hiyohiyo, walisubiri hadi 2023.