Kasongo 1893: Vita vya Watumwa au vya Pembe?

Katika bustani ya Cinquantenaire mjini Brussels, jirani na Msikiti Mkuu wa mji huo, umesimama mnara wa mawe uliozinduliwa mwaka 1921 kwa heshima ya Wabelgiji wa kwanza kufika Kongo. Juu yake paliandikwa kwamba ushujaa wa jeshi la Ubelgiji ulimwangamiza Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa. Neno "Mwarabu" limezusha ugomvi wa miaka mingi: wako waliolichonga likatoka, wako waliodai lirudishwe. Juni 2020, sanamu za Leopold II zilipoanza kupakwa rangi na kuondolewa, na Mfalme Philippe alipomwandikia Rais Félix Tshisekedi barua ya masikitiko, mnara huo nao ulitajwa upya.

Wenzetu wa Brussels wanagombania neno. Sisi wa Maniema ya kusini, kuanzia Kasongo hadi Kabambare kupitia nchi ya Wamaza, tuna swali zito zaidi, kwa sababu aliyeangamizwa aliangamiziwa kwetu, na waliokufa pamoja naye ni babu zetu. Serikali ya Leopold ilisema inapigana kukomesha utumwa. Je, ilikuwa kweli?

Kwanza tusijidanganye. Utumwa ulikuwepo, na ulikuwa mchungu. Tarehe 15 Julai 1871 David Livingstone alikuwa Nyangwe siku ya soko, watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza samaki na vyungu. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni kuwa kati ya 330 na 400. Misafara iliyotoka Kasongo kwenda Kabambare na Ujiji ilibeba pembe za ndovu, na wengi wa waliozibeba hawakuuliziwa ridhaa. Anayetaka kuwafanya Sefu, mkubwa wa Kasongo, na wenzake watakatifu kwa sababu tu walipigana na Bula Matari, yaani Serikali ya Leopold, hawatendei haki wale wanawake wa Nyangwe.

Ila mtu anaweza kutaja ubaya wa kweli na huku akificha shabaha yake. Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie alizunguka Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya watumwa. Leopold akaona mlango umefunguka. Aliwaita wakubwa wa dunia Brussels mwishoni mwa 1889, na Julai 2, 1890 mkataba ukatiwa saini. Pamoja na maneno ya huruma, Leopold alipata alichonyimwa katika mkutano wa Berlin mwaka 1885: ruhusa ya kutoza ushuru kwenye bidhaa zinazoingia Kongo, hadi asilimia 10, eti kugharimia vita dhidi ya watumwa.

Na huyo adui aliyekuwa akitangazwa Ulaya nzima alikuwa mtumishi wa Serikali hiyo hiyo. Februari 1887, mjini Zanzibar, Stanley alimpa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, uwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold. Mshahara ulikuwa pauni 30 kwa mwezi. Alitakiwa apandishe bendera ya Serikali na azuie biashara ya watumwa huko Falls. Biashara zake nyingine za halali aliachiwa. Tippu Tip mwenyewe ameyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, katika kitabu kilichochapwa Berlin kwa juhudi za Heinrich Brode mwanzoni mwa karne iliyopita. Humo utamwona mtu anayehesabu pembe, madeni na mikataba, na aliyeichukulia Serikali kama mshirika mwingine wa biashara. Ukikisoma hutaona dalili ya mtu anayejua kwamba anasubiriwa kuangamizwa.

Kilichobadilika ni pembe. Septemba 21, 1891 Leopold alitoa amri ya siri kuwaagiza maofisa wake wa Aruwimi, Uele na Ubangi wahakikishe pembe na mpira vinaingia mikononi mwa Serikali. Biashara huru iliyoahidiwa Berlin ikaanza kufungwa. Wafanyabiashara wa Maniema, waliozoea kupeleka pembe zao mashariki hadi Zanzibar, walielewa haraka kuliko wanadiplomasia. Mei 1892 Arthur Hodister, wakala wa kampuni ya Kibelgiji aliyekuja kufungua vituo vya kununua pembe juu ya mto Lualaba, aliuawa karibu na Riba Riba. Magazeti ya Brussels yalimlilia kama shahidi wa vita vya utumwa. Alikuwa mnunuzi wa pembe.

Hapa ndipo ugomvi wenyewe unapoanzia. Mimi naufuata zaidi kwa Sidney Hinde, daktari Mwingereza wa jeshi la Serikali, aliyekuwemo vitani na akaandika kitabu mwaka 1897. Hinde ni mtu wa upande mmoja, lakini ana jicho.

Ngongo Lutete alikuwa mtu wa Tippu Tip, mtumwa wa zamani aliyepanda hadi kuwa mkubwa wa vita, makao yake Ngandu, kando ya Lomami. Alipigana na Serikali mwaka 1892, akashindwa na ofisa wake Francis Dhanis, na Septemba mwaka huo akahamia upande wa Serikali na maelfu ya wapiganaji wake. Kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip aliyeshika Kasongo baada ya baba yake kurudi pwani, huo ulikuwa wizi. Ngongo alikuwa wake, pembe za Ngongo zilikuwa zake. Akadai arudishiwe.

Kumbuka kwamba wakati huo Serikali ilikuwa na mwakilishi ndani ya Kasongo. Luteni Lippens, pamoja na sajini De Bruyne, waliishi mjini humo chini ya macho ya Sefu. Ikiwa Kasongo ilikuwa pango la watumwa lisilovumilika, mwakilishi wa Leopold alikuwa akifanya nini ndani yake? Sasa wakawa mateka. Sefu alitoka na jeshi hadi Lomami akamchukua De Bruyne, ili amshawishi Dhanis amtoe Ngongo.

Mto ukawa katikati. Katikati ya Novemba 1892 De Bruyne alisimama ukingo mmoja, na ofisa Scheerlinck ukingo wa pili, wakaongea kwa sauti kwa lugha ambayo watu wa Sefu hawakuielewa. Scheerlinck alimuuliza kama anajua kuogelea. Alikuwa ameficha wapiga shabaha; ajitupe majini, watamkinga. De Bruyne alikataa. Lippens alikuwa bado Kasongo, na kukimbia kwake kungekuwa kifo cha mwenzake. Akageuka akarudi na walinzi wake. Mwanzoni mwa Desemba wote wawili waliuawa Kasongo. Ujasiri huo sitaudharau. Mji wa Blankenberge, kwao De Bruyne, uliwajengea mnara mwaka 1900. Lakini tuseme wazi walikufa kwa nini: Dhanis alikataa kumtoa Ngongo Lutete, na Ngongo alikuwa mkamata watumwa mkubwa kuliko wengi wa waliokuwa Kasongo. Vita vya kukomesha utumwa viliwashwa kwa kumlinda mkamata watumwa.

Mapigano yenyewe yalikwenda mbio. Sefu alivunjwa Chige Novemba 23, 1892. Mwinyi Mohara wa Nyangwe aliuawa Januari, Nyangwe ikachukuliwa Machi 4, 1893, na Aprili 22 Dhanis akaingia Kasongo. Mji ulianguka kwa muda mfupi mno. Hinde anaeleza askari waliolala juu ya magodoro ya hariri, vitanda vya kuchonga vyenye vyandarua, ghala zilizojaa nafaka, bustani za michungwa na mikomamanga. Na miongoni mwa vitu vilivyopatikana, kumbukumbu za msafiri Emin Pasha, aliyeuawa miezi michache kabla yake. Mpunga unaolimwa Maniema leo ulipandwa kwanza na hao Waungwana, watu wa wafanyabiashara wa Kasongo, na watumwa wao. Kuhusu Nyangwe, Hinde anakiri kwamba mji alioukadiria kuwa na watu wapatao 30,000 ulibaki nyumba moja kubwa yenye boma na kambi ya askari. Kabambare ilichukuliwa Januari 1894, Rumaliza, mkubwa mwingine wa Waarabu, akakimbilia kwa Wajerumani. Sefu alikuwa ameshakufa.

Na Ngongo Lutete? Septemba 15, 1893 maofisa wa Serikali walimshtaki kwa uhaini pale Ngandu, wakampiga risasi. Kwa maelezo ya Hinde alijaribu kujinyonga usiku, wakamzindua ili wamuue wenyewe. Hinde alitumwa aende haraka akafika amechelewa. Yule ambaye kwa ajili yake Lippens na De Bruyne waliachwa wafe, hakumaliza hata mwaka mmoja baada yao. Askari wake hawakusahau: Julai 4, 1895 waliasi Luluabourg, Kananga ya leo, na moto ule ulichukua miaka kuzimika.

Waliokombolewa je? Wengi walivishwa sare za Force Publique, jeshi la Serikali, au kupewa mizigo ya Serikali. Kisha mpira ukaja, na kufikia 1903 sheria ilimdai kila mwanamume saa 40 za kazi kwa mwezi. Mtu aliyekuwa mpagazi wa Sefu alikuwa sasa mpagazi wa Bula Matari, kwa njia ile ile ya Kabambare, ila pembe zilielekea magharibi. Kwangu mimi hilo ndilo jibu. Utumwa ulitajwa kwa sababu ulikuwepo. Vita vilipiganwa kwa sababu ya pembe.

Karne iliyofuata ilileta vita vingine, vya 1964, vya 1996, vya 1998, kila kimoja na sababu zake zilizosomwa redioni. Kimoja angalau kilifikishwa mahakamani. Uganda ilidai iliingia Kongo kujihami. Desemba 19, 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilikataa utetezi huo, ikaipata pia na hatia ya uporaji wa mali ya asili, na Februari 9, 2022 ikaamuru ilipe dola milioni 325. Leopold hakuwahi kusimama mbele ya hakimu yeyote kwa ajili ya Kasongo.

Kasongo ile ya zamani ilikuwa mahali panapoitwa Tongoni. Miaka ya karibuni watafiti wa Kikongo na wa Ubelgiji walichimba huko na kukusanya masimulizi ya wazee. Hiyo ni kazi njema, lakini haipaswi kuishia kwenye majarida ya Ulaya. Mkoa na wizara ya utamaduni waweke kibao pale Tongoni, kwa Kiswahili na Kifaransa, chenye majina yote: Sefu, Lippens, De Bruyne, Ngongo Lutete, wanawake wa soko la Nyangwe. Na chini yake iandikwe ile amri ya Septemba 21, 1891, kwa tarehe yake.