Boriti na Kamba: Habari za Mitumbwi Pacha ya Katonga

Mgeni ashukaye mwaloni Katonga, karibu na mji wa Kigoma, huona vyombo viwili vya mbao vikielea sambamba, na juu yake imepitishwa miti mirefu toka chombo hiki hata kile. Ataulizia wavu, au taa, au bei ya dagaa. Aulizaye habari za ile miti hatujamsikia. Nasi tuliwafundisha watoto wa wavuvi hesabu na kusoma miaka mingi, tukipita kando yake kila siku, wala hatukuiuliza. Habari hizi ni kulipa deni hilo.

Walimu wenzetu walipopata kujua kwamba twaandika juu yake walitukataza, wakisema chombo hiki si cha desturi, kimeletwa tu. Kweli kimeletwa. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliona mitumbwi ya gogo moja, iliyochongwa kwa magogo ya misitu ya ng'ambo, upande wa magharibi wa ziwa. Ndagala, ndio dagaa, walivuliwa usiku kwa moto na lusenga, yaani wavu wenye mpini mrefu. Moto uliwaka chomboni, samaki wakaufuata mwanga, na mvuvi akawachota. Kwa kazi hiyo mtumbwi mmoja ulitosha.

Mambo yaligeuka mwishoni mwa miaka ya 1950, wavu wa kuinua ulipojaribiwa pande za Burundi, kisha ukaenea kusini hata Kigoma. Wavu huu hushushwa chini ya taa. Dagaa wakusanyikapo juu yake, huvutwa upesi. Zamani taa hizo zilikuwa karabai, na siku hizi nyingi ni za umeme wa jua. Basi wavu wa namna hii wataka maji wazi katikati, na watu wa kuvuta pande zote mbili. Chombo kimoja hakiwezi. Kwa hiyo mti uliopitishwa ndio unaoufanya mdomo wa wavu uwe wazi. Ukivunjika, hakuna uvuvi tena, hata kama vyombo vyote viwili ni vizima.

Hata hivyo, kufunga mitumbwi pamoja si jambo geni katika nchi zetu. Mwaka 1875, katika vita vya Kabaka Mutesa na watu wa Buvuma, Stanley alifunga mitumbwi mikubwa kwa miti, akajenga juu yake boma lenye kuelea katika ziwa la Viktoria. Ilikuwa kazi ya vita, nayo ikaishia hapo. Na pwani, ngalawa haiwezi kwenda na tanga pasipo matengo yake, nayo matengo yamefungwa kwa kamba. Tukienda mbali zaidi, neno katamarani, ambalo mataifa mengi hulitumia kwa chombo cha pacha, limetoka katika Kitamili: kattu ni kufunga, maram ni mti. Wale wa kwanza walioitwa hivyo walikuwa magogo tu yaliyofungwa pamoja. Jina lenyewe halisemi habari za vyombo viwili. Lasema habari za kamba.

Na hapo ndipo penye ubishi wetu. Fundi mmoja mzee wa mwaloni alitukuta tukiipima boriti kwa macho, akatuambia, “Mwalimu, usitazame mti. Tazama unapokalia.” Akatuonyesha. Boriti haiwekwi penye ubao mtupu. Huwekwa penye taruma, ili uzito ushuke katika mbavu za chombo. Tena hulala juu ya kingo zote mbili za kila chombo, wa kulia na wa kushoto, hata kila boriti ina vifungo vinne. Mti mbichi haufai, maana ukikauka hunywea, na kamba iliyokuwa imekaza hubaki legevu. Kamba huzungushwa mara nyingi juu ya boriti na chini ya ukingo. Kisha ncha yake hupitishwa katikati, baina ya mti na ubao, ikizibana zile duru pamoja. Duru hizi za pili ndizo zikazazo. Asiyezifanya amefunga mzigo wa kuni.

Tulimwuliza, “Mzee, kwa nini msipige msumari mkubwa, mkapumzika?” Akacheka, akasema, “Mwalimu, wimbi haliji kwa vyombo viwili saa moja.” Maana yake ni hii: chombo kimoja kinapopanda, cha pili bado kinashuka, na boriti husokotwa katikati. Kamba hukubali kidogo, kisha hurudi. Chuma hakikubali, kwa hiyo ubao ndio hukubali, tundu lake likapanuka, ukapasuka. Wajenzi wa mitepe pwani walishona mbao zao kwa kamba ya nazi pasipo msumari. Na kitabu cha Wayunani cha karne ya kwanza chataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii.

Hatungaliyaandika haya kwa nguvu kama hatungalikuwa na sababu. Shemeji yetu alichoka kufunga na kufungua, akatia parafujo za chuma katika boriti zote. Msimu wa kusi ubao ulipasuka usiku, toka tundu hata tundu, na chombo kimoja kikajaa maji. Watu wanne walishika kile cha pili mpaka alfajiri. Wa tano hakuonekana. Shemeji hakuvua tena.

Hatusemi kwamba kamba yoyote ni njema. Ile ya nailoni yauzwa kila duka, lakini hurefuka ikilowa, na fundo lake huteleza. Yataka kukazwa tena baada ya safari ya kwanza. Na kamba nyingi za viwandani huliwa na jua. Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi toka 15 Mei hata 15 Agosti mwaka 2024, tuliwaambia vijana wetu wasiiamini kamba iliyokaa juani miezi mitatu, ijapokuwa rangi yake ni nzuri. Wengine walitusikia.

Limebaki jambo moja la lugha. Hapa Katonga tumewasikia watu wakiita miti hii kwa majina mbalimbali, na wengi husema “mti” tu. Sisi tumeandika boriti, kwa mfano wa nyumba, wala haituridhishi. Walimu walio Kirando, na ng'ambo Kalemie na Uvira, watuandikie wavuvi wao waiitaje, na kama hufunga duru za pili au hawazifungi.