Tom Mboya, Bwana Afya wa Jiji

Kila nikipita Moi Avenue, Nairobi, husimama kidogo mbele ya sanamu ya Tom Mboya. Wengi wanaopigia picha pale wanamjua waziri aliyepigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, akitoka duka la dawa kwenye barabara hiyohiyo. Mimi namkumbuka kwa jambo jingine: alikuwa bwana afya, kama nilivyokuwa mimi hadi nilipostaafu.

Alizaliwa 1930 Kilima Mbogo, kwenye shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi baba yake. Karo ilipokosekana aliacha shule ya Mang'u, akaenda Kabete, Jeanes School, kusomea ukaguzi wa afya. Mwaka 1951 Baraza la Jiji la Nairobi likamwajiri.

Sehemu moja ya kazi hiyo ilikuwa kupima maziwa, na kupima maziwa ni kazi ya utulivu. Unayamimina kwenye chombo kirefu chembamba, unatumbukiza kipimo cha kioo, unangoja kiache kucheza. Kikizama kupita kawaida, maziwa yametiwa maji. Rangi ya mkono uliokishika haibadilishi namba inayosomeka.

Sasa, siku moja Mboya yuko peke yake maabara, mama wa Kizungu akaingia na maziwa yake. Akatazama huku na huku, akauliza kama humu hamna mtu. Mboya alikuwa amesimama mbele yake! Mama yule alitaka kuhudumiwa na Mzungu. Kisa hiki Mboya alikieleza mwenyewe kitabuni mwake, na kila nikikikumbuka mwili hunisisimka.

Hakuishia kunung'unika. Mkaguzi Mwafrika alilipwa kidogo sana akilinganishwa na Mzungu wa kazi ileile, basi akawaendea watumishi wenzake wa baraza, akawaunganisha, wakapata chama cha wafanyakazi cha kweli. Mwaka 1953 akaondoka kwenye ajira ya jiji, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma 1955, yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza kwa niaba yao. Wakapata nyongeza ya asilimia 33. Machi 1957, akiwa na miaka 26, Waafrika wa Nairobi wakampeleka Baraza la Kutunga Sheria.

Yaliyofuata yanajulikana: uenyekiti wa mkutano wa Waafrika mjini Accra, Desemba 1958; ndege ya 1959 iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani; uwaziri wa kazi, wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Alipouawa alikuwa na miaka 38.

Walimu wa historia, nawaomba: mkifika kwenye uchaguzi wa 1957, msimwanzishie Mboya pale. Rudini nao watoto hadi 1951, mkawaonyeshe yule kijana wa maabara na chombo chake cha maziwa.