Taa ya betri kwenye gari: Ikikataa kuwaka kabisa, ogopa zaidi

Madereva wengi wa Shinyanga, Kahama na Geita wanajua kwamba taa nyekundu ya betri ikiwaka safarini, gari halichaji. Upande wa pili ndio wengi hawaujui. Taa hiyo isipowaka kabisa pale unapowasha swichi, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu siku alteneta ikifa hakuna kitakachokwambia.

Chukua mchomoko unaotoka Kahama usiku kwenda Ushirombo. Taa mbili za mbele za wati 55 zinakula takriban ampea 9 peke yake. Ongeza plagi, pampu ya mafuta, taa za nyuma na redio ya dereva. Betri ya ampea-saa 45 isiyochajiwa haifiki mbali, na ikiwa imechoka, hata saa moja ni nyingi. Taa zinaanza kuwa za njano, gari linakosa nguvu, linazima katikati ya barabara. Na hiyo ndiyo barabara ya malori ya mizigo yanayokwenda Rwanda na Burundi.

Taa inavyofanya kazi

Umeme unatoka kwenye swichi, unapita kwenye fyuzi, unaingia kwenye globu ya dashibodi, kisha unashuka kwa waya mmoja mwembamba hadi nyuma ya alteneta. Kwenye Toyota nyingi soketi ile ina pini tatu: IG inaiamsha regyuleta, S inapima umeme wa betri, na L ndiyo ya taa.

Injini ikiwa bado haijawaka, regyuleta inaupeleka umeme wa L kwenye ethi, na globu inawaka. Alteneta ikianza kuchaji, pini ya L nayo inapata umeme sawa na wa betri. Pande zote mbili za globu zinalingana, hakuna kinachopita, taa inazima.

Kwa hiyo taa nzima ina tabia moja tu: inawaka swichi ikiwashwa, inazima injini ikiwaka. Tofauti na hapo kuna tatizo.

Haiwaki kabisa

Zima gari, chomoa soketi ya alteneta. Washa swichi bila kupiga stata, kisha gusisha waya wa L kwenye ethi. Taa ikiwaka, globu, fyuzi na waya ni vizima. Tatizo liko kwenye alteneta au pini za soketi zimelegea au zimeshika kutu. Isipowaka, rudi nyuma: fyuzi, globu, kisha fuata waya. Panya wakilala kwenye injini wanakata waya kama huu bila shida.

Hakikisha ni L kweli. Waya wa S una umeme wa moja kwa moja kutoka betri, ukiugusisha ethi unaunguza fyuzi. Na kwa magari mapya ambayo dashibodi yake inaendeshwa na kompyuta, jaribio hili lisifanywe bila mchoro wa waya wa gari husika.

Kuna magari ambayo globu haikuungua, ilitolewa. Ni ujanja wa muuzaji anayeficha alteneta mbovu. Wajanja zaidi wanaunganisha taa ya betri na ya oili, ili zote ziwake na kuzima pamoja, mnunuzi asishtuke. Anayenunua gari la mkononi aangalie dashibodi kabla ya kupiga stata, na taa hizo mbili zikizima kwa wakati uleule kila mara, aombe vipimo.

Haizimi

Anza na feni belti. Ikilegea au ikikatika, hakuna haja ya kufungua kitu kingine.

Belti ikiwa nzima, chukua maltimita na upime kwenye temino za betri. Gari likiwa limezimwa, betri nzima iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Injini ikiunguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na kuendelea kushuka, halichaji. Kwenye Toyota, usisahau fyuzi yenye maandishi ALT-S, inasingiziwa alteneta mara nyingi. Ikivuka 15, regyuleta imekufa na betri inapikwa.

Kama kipimo ni volti 14 na taa bado inawaka, shaka ihamie kwenye waya wa L. Zima injini, chomoa soketi, washa swichi. Taa ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na unagusa bodi mahali fulani. Ikizima, ugonjwa uko ndani ya alteneta: regyuleta, diodi au kaboni.

Taa inayowaka kwa mbali, ile unayoiona usiku tu, ina maana pande mbili za globu zinapishana kidogo. Mara nyingi ni diodi, au fyuzi na swichi vyenye uchafu.

Kwa magari ya Mwakitolyo, Nyarugusu na njia nyingine za machimboni, kaboni ndizo za kushuku mapema. Vumbi linaingia ndani ya alteneta na kuzila. Fundi mzuri anabadilisha kaboni peke yake, wakati mwingine anakuuzia alteneta nzima ya mtumba ambayo kaboni zake nazo ziko ukingoni.

Kipimo cha kukataa

Mafundi kibao bado wanapima alteneta kwa kuchomoa temino ya betri gari likiwa linaunguruma: likizima, alteneta mbovu, lisipozima, nzima. Kwenye magari ya zamani sana ilipita. Kwenye IST, Noah au Probox, betri ikitoka ghafla umeme unaruka juu na unaweza kuua regyuleta, diodi, hata kompyuta ya gari. Mteja alikuja na kosa la kaboni, anaondoka na deni la kompyuta.

Ikiwaka ukiwa njiani

Zima AC, redio na kila kisicho cha lazima. Usizime injini, huenda stata isikubali tena, na nenda mji ulio karibu kabla giza halijaingia. Lakini simama kwanza uangalie belti. Kwenye magari mengi belti hiyohiyo inazungusha pampu ya maji, na injini itachemka ndani ya dakika chache. Kwenye Hiace na Land Cruiser nyingi za dizeli, pampu inayosaidia breki imefungwa nyuma ya alteneta, kwa hiyo belti ikikatika hata kanyagio la breki linakuwa gumu.